Namba Isiyopima Umbali

Nguvu ya mawimbi ya redio inayosomwa kwenye skrini ya kompyuta mpakato au ya simu ni jumla ya yote yaliyoyapata mawimbi hayo njiani, yaani umbali, kuta, mabati, miti, miili ya watu na hata namna mkono ulivyoishika simu yenyewe, na kwa sababu hiyo anayeichukua namba hiyo kuwa kipimo cha umbali kati yake na kituo kinachorusha hujikuta akitafuta mahali pasipo na kitu. Kosa hilo huwapata mafundi wengi wa mitandao wanaoanza kazi. Mwandishi wa makala haya alilifanya kwa siku 3 mfululizo katika chuo kimoja jijini Dar es Salaam, miezi michache kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuanza kazi mwezi Julai 2009, na mengi anayoyajua leo kuhusu ufuatiliaji wa mitandao isiyo na waya aliyapata kwa kusahihishwa katika siku hizo.

Kituo cha waifai, ambacho mafundi hukiita aksesi pointi na watumiaji wa kawaida hukiita ruta hata pale ambapo si ruta, ni kifaa kinachopokea mtandao kwa waya na kuutoa hewani kwa taratibu zilizochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1997 chini ya jina la IEEE 802.11. Kila kituo hujitangaza bila kuulizwa: takriban mara 10 kwa sekunde, au kwa usahihi zaidi kila baada ya milisekunde 102.4 ikiwa mpangilio wa kiwandani haukuguswa, hurusha ujumbe mfupi unaotaja jina la mtandao, chaneli, aina ya ulinzi na anwani ya kifaa yenye biti 48. Ujumbe huo huitwa bikoni, na kazi yake haitofautiani sana na ile ya mnara wa taa unaowamulikia manahodha usiku, kwa kuwa humjulisha kila aliye karibu kwamba kituo kipo, awe na haja nacho au asiwe nayo. Hata kituo kilichofichwa jina hakinyamazi. Huacha tu nafasi ya jina wazi, na jina lenyewe hutajwa hewani mara mtumiaji halali anapojiunga, hivyo kuficha jina ni kinga dhaifu ambayo wasimamizi wa mitandao wameiamini kuliko inavyostahili.

Kuyasikiliza matangazo hayo, kuyahesabu na kuyapanga kwa vituo vyake ndiko kunakoitwa ufuatiliaji wa mtandao usio na waya. Programu 2 zilizotoka mwaka 2001 ndizo zilizowafunza kazi hiyo mafundi wa kizazi cha mwandishi. NetStumbler, ya Marius Milner, ilikuwa ikirusha wito na kurekodi vituo vilivyoitika, ilhali Kismet, ya Mike Kershaw, husikiliza tu bila kutoa sauti yoyote hewani. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa mpiga wito hupata majibu ya wanaotaka kujibu, na msikilizaji mkimya husikia pia wale ambao hawakukusudia kusikika.

Nguvu ya tangazo huandikwa kwa desibeli zinazolinganishwa na miliwati 1, na kwa vile nguvu inayofika kwenye kipokezi ni ndogo mno kuliko hiyo, namba zake huwa hasi. Hasi 30 ni sehemu moja ya 1,000 ya miliwati, hasi 60 ni sehemu moja ya milioni, na hasi 90, ambayo iko karibu na ukomo wa usikivu wa vifaa vingi, ni sehemu moja ya bilioni. Fundi mgeni huiona tofauti ya hasi 60 na hasi 70 kuwa ndogo, kama vile tofauti ya shilingi 60 na 70, kumbe nguvu imekwisha kupungua mara 10.

Mahali pa wazi kabisa, umbali ukiongezeka mara 2 nguvu hubaki robo, yaani hupungua desibeli 6, na umbali ukiongezeka mara 10 hupungua desibeli 20. Kituo kinachorusha miliwati 100 katika masafa ya gigahezi 2.4 kitasomeka takriban hasi 20 kwa mtu aliyesimama mita 1 kutoka hapo, hasi 40 kwa aliye mita 10 na hasi 60 kwa aliye mita 100, mradi pasiwe na kizuizi. Lakini kukiwa na kuta 2 za zege, kila mmoja ukimeza desibeli 10, yule aliye mita 10 naye atasoma hasi 60. Watu hao 2, mmoja akiwa ng'ambo ya uwanja wa mpira na mwingine akiwa vyumba viwili tu kutoka kwenye kituo, wana namba moja mkononi, na hakuna fomula itakayoweza kuwatenganisha kwa namba hiyo peke yake.

Chuo kinachozungumziwa hapa kilipata intaneti kwa dishi lililoelekezwa kwenye setilaiti iliyo kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta, ambako ujumbe kwenda na kurudi hutumia zaidi ya nusu sekunde, na gharama yake ya kila mwezi ilikuwa kubwa kiasi kwamba kila malalamiko ya mtandao yalifika moja kwa moja kwa wakuu. Malalamiko ya safari hiyo yalikuwa ya ajabu: kompyuta za baadhi ya ofisi ziliamka asubuhi zikiwa na mtandao, nyingine hazina, na zilizokuwa nao jana ndizo zilizokosa leo. Mwandishi alipoikagua mojawapo alikuta imepewa anwani inayoanza na 192.168.1, wakati anwani zote za chuo zilianza na 10. Maana yake ni kwamba palikuwa na mgawaji mwingine wa anwani. Huduma hiyo, ambayo mafundi huijua kwa herufi za DHCP, huzipa kompyuta anwani pale zinapowashwa, na kompyuta hukubali jibu la yeyote anayewahi kujibu. Ruta ya nyumbani ikichomekwa kwenye mtandao wa ofisi kwa tundu lisilo lake huanza kugawa anwani zake kwa majirani wote, na kila anayezipokea huelekezwa kwenye lango lisilokwenda popote.

Anwani ya kifaa cha lango hilo bandia ilitoa dalili ya kwanza. Nusu ya mbele ya zile biti 48 hugawiwa kiwanda, na kiwanda hicho kilikuwa cha ruta za bei nafuu zinazopatikana katika maduka mengi ya Kariakoo. Dalili ya pili ilitoka hewani, kwa kuwa Kismet ilikuwa ikionyesha kituo kisichojulikana katika chaneli ya 6, ambacho anwani yake ilitofautiana na ile ya lango kwa tarakimu ya mwisho tu, tena kwa moja, kama ilivyo kawaida kwa ruta ambayo upande wake wa waya na upande wake wa redio vimehesabiwa pamoja kiwandani. Mwenye swichi za kisasa angeziuliza ni tundu gani limechomekwa kifaa hicho na kufuata waya hadi mlangoni. Swichi za chuo zilikuwa za aina isiyojibu swali lolote, na nyaya zilizopita juu ya dari kwa miaka mingi hazikuwa na alama hata moja, hivyo ikabaki njia ya hewani.

Mwandishi akabeba kompyuta mpakato na kuzunguka majengo, akiandika namba katika daftari. Namba kubwa kuliko zote, hasi 55, aliipata ndani ya maktaba, karibu na madirisha ya upande wa mashariki, na akahitimisha kwamba kituo kimefichwa juu ya dari la hapo. Dari la jipsamu lilifunguliwa sehemu 4 katika siku 2, vumbi likashuka juu ya rafu za vitabu vya rejea, na hakikuonekana chochote isipokuwa nyaya za taa na kiota kikavu cha ndege. Katika jengo la utawala, lililo ng'ambo ya ua, alisoma hasi 67, akaliacha bila kulirudia. Ni vigumu kueleza jinsi namba inavyoweza kumshika mtu. Hasi 55 ilikuwa mbele yake, ni kubwa kuliko hasi 67, na kila aliyeuliza alipewa jibu hilo kwa sauti ya uhakika.

Aliyemtoa katika kosa hilo alikuwa mzee mmoja wa idara ya matengenezo ambaye ujanani mwake alifanya kazi ya redio za upepo, na ambaye hakuwa amewahi kutumia Kismet. Mzee aliuliza jambo moja tu: madirisha ya maktaba yanatazama wapi. Yalitazama ua, na ng'ambo ya ua kulikuwa na madirisha ya jengo la utawala, ya luva, yaliyoachwa wazi mchana kutwa kwa sababu ya joto. Redio ya muziki iliyowekwa dirishani, alieleza, husikika vizuri zaidi ng'ambo ya barabara kuliko katika chumba cha nyuma cha nyumba ileile, na mawimbi ya waifai yana tabia hiyo hiyo. Kisha akamfundisha kusoma upya.

Somo la kwanza lilikuwa kusimama. Masafa ya gigahezi 2.4 yana wimbi lenye urefu wa sentimita 12.5, yaani zaidi kidogo ya nusu shubiri, na ndani ya jengo wimbi moja hufika kwa njia nyingi, moja kwa moja na kwa kudunda kwenye mabati, nondo na makabati, hata mahali pengine nakala zake zikafika kinyume na kuuana. Kusogeza kompyuta upana wa vidole 3 au 4 kunaweza kubadilisha namba kwa desibeli 10 au zaidi bila umbali kubadilika kwa maana yoyote. Kwa hiyo namba moja haitoshi. Inabidi kusimama, kusoma, kusogea nusu hatua, kusoma tena, na kuchukua wastani wa sehemu ile, si wa nukta. Mwandishi aliongeza jambo moja kutoka upande wake, nalo ni kuifungia Kismet katika chaneli ya 6 pekee, kwa sababu ikiachwa iruke kutoka chaneli moja hadi nyingine husikia matangazo machache tu ya kituo kinachotafutwa, na namba inayobaki kwenye skrini inaweza kuwa ya mahali palipokwisha kupitwa.

Somo la pili lilikuwa kuutumia mwili. Sehemu kubwa ya mwili wa mtu ni maji, na maji humeza mawimbi ya masafa hayo, hivyo aliyeishika kompyuta kifuani na kugeuka polepole, robo mzunguko kwa robo mzunguko, akisubiri mpaka namba itulie, ataona inashuka zaidi pale mgongo wake unapokuwa upande wa kituo. Wapenzi wa redio wamefanya hivyo kwa miongo mingi katika mashindano yao ya kutafuta kirushio kilichofichwa porini. Mbinu hiyo haigharimu chochote, na mwandishi bado huitumia kabla ya kufungua mkoba wa vifaa.

Somo la tatu lilihitaji kopo. Kopo la maziwa ya unga lenye kipenyo cha sentimita 8 hadi 9, likitobolewa ubavuni na kuingizwa kipande cha waya wa shaba chenye urefu wa milimita 31, ambayo ni robo ya wimbi, huwa antena inayosikia vizuri zaidi upande wa mdomo wake. Fundi aliyezoea huwa hatafuti upande wenye namba kubwa kuliko zote, kwa kuwa kilele chake ni kipana mno. Hugeuza kopo kushoto mpaka namba ishuke kwa kiasi fulani, kisha kulia mpaka ishuke kwa kiasi hicho hicho, na katikati ya alama hizo 2 ndipo ulipo mwelekeo. Mstari mmoja ulichorwa kwenye ramani ya chuo kutoka dirisha la maktaba, wa pili kutoka ngazi za kantini. Ilikuwa karibu saa kumi na moja jioni, na mistari hiyo ilikutana juu ya jengo la utawala, ghorofa ya kwanza, upande wa mwisho wa ukumbi, mahali ambapo daftari lilikuwa limeandikwa hasi 67.

Mwisho wa safari una ugumu wake. Karibu sana na kituo kipokezi hushiba, kila upande unaonekana kuwa na nguvu, na mbinu iliyofanya kazi uwanjani haina msaada tena ndani ya chumba. Dawa ni kujifanya kiziwi: antena ikaondolewa, na kadi ya redio ikazungushiwa karatasi ya alumini inayotumika jikoni, mpaka namba ikashuka na kuanza tena kutofautisha mlango na dirisha. Ruta ilikuwa juu ya kabati la chuma la mafaili, nyuma ya maboksi ya mitihani ya zamani, imewaka taa 2 za kijani, waya wake ukiwa umebanwa kwa pini za ofisi kwenye fremu ya mlango kwa unadhifu ambao mafundi wa chuo hawakuwa nao. Kabati hilo na lililofuata, pamoja na ukuta wa ukumbi, ndivyo vilivyokuwa vimeyazuia mawimbi kuelekea ndani ya jengo na kuyaachia njia ya dirishani.

Chumba kilikuwa cha katibu muhtasi aliyekaribia kustaafu. Mwandishi alimwamkia shikamoo, na baada ya marahaba, kabla hajaulizwa lolote, mama yule alifungua mtoto wa meza na kutoa nakala za karatasi 2. “Mwanangu, niliandika mara mbili,” alisema, “mtandao wenu haufiki hapa, na orodha za wanafunzi zinatakiwa kila Ijumaa.” Barua zote 2 zilikuwa na mhuri wa kupokelewa. Ruta aliinunua kwa fedha zake, na kijana mmoja wa mtaani kwake alimwelekeza kwa simu namna ya kuiunganisha, akachomeka waya katika tundu lililo karibu zaidi.

Katika vitabu vya usalama wa mitandao kifaa cha namna hiyo huitwa kituo haramu, na hatari zake ni za kweli: hufungua mlango wa mtandao wa ndani kwa yeyote aliye barabarani, na mhalifu anaweza kusimamisha kituo chenye jina lile lile la ofisi ili awanase wanaojiunga bila kuangalia. Hata hivyo, katika vituo vya aina hiyo ambavyo mwandishi amevifuatilia tangu wakati huo, vingi vimekutwa mahali ambapo mtandao rasmi ulikuwa dhaifu au haukuwepo kabisa, na waliovisimamisha walikuwa watu wanaotaka kumaliza kazi zao. Idara inayokiondoa kifaa na kuondoka imekifuta kielelezo bora kuliko vyote cha mahali iliposhindwa.

Watafiti walikuwa wamekwisha kukutana na ugumu wa namba ya nguvu ya mawimbi kwa njia yao. Mwaka 2000 Paramvir Bahl na Venkata Padmanabhan wa Microsoft Research walieleza mfumo walioupa jina la RADAR, ambao ulimtambua mtu alipo ndani ya jengo kwa kusoma nguvu za mawimbi ya vituo 3, na matokeo yake mazuri zaidi, ya makosa ya kati ya mita 2 na 3, yalitokana na kutembea kwanza ndani ya jengo na kuandika namba za mahali pengi, kisha kuzilinganisha namba mpya na hizo zilizoandikwa. Ukuta haukuhitaji kukokotolewa, kwa sababu ulikuwa tayari ndani ya namba. Njia hiyo ina udhaifu mmoja, nao ni kwamba kabati likihamishwa au chumba kikijaa watu, kumbukumbu huchakaa. Kwa upande mwingine, ramani zilizotengenezwa kwa kuendesha gari mitaani huku kompyuta ikirekodi vituo hukosea kwa namna ya pekee: kwa kuwa msikilizaji hakuwahi kuondoka barabarani, wastani wa alipousikia mtandao huangukia barabarani pia, na vituo vya watu huchorwa katikati ya lami.

Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako mwandishi alifanya kazi baadaye, ulimpa mfano mgumu zaidi. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye unene unaofikia nusu mita na zaidi na zinazonyonya unyevu wa bahari, hazipitishi karibu chochote, ilhali uwazi wa katikati ya nyumba hubeba mawimbi kutoka ghorofa hadi ghorofa na vichochoro huyapeleka mbali kama maji katika mfereji. Katika nyumba moja ya wageni, kituo kilichofungwa sebuleni kilisikika kwenye baraza la duka, kona 2 kutoka hapo, na hakikusikika katika chumba kilichopakana na sebule hiyo.

Lipo jambo moja zaidi ambalo mwandishi angependa kulisema waziwazi. Baada ya kituo kupatikana, alifungua faili zilizohifadhiwa na Kismet katika siku zile, akakuta kwamba programu haikuwa imehifadhi matangazo ya vituo peke yake. Mtandao wa wanafunzi ulikuwa hauna ulinzi, na vipande vya mawasiliano yao vilikuwa ndani ya kompyuta yake, vingine vikisomeka. Hakuwa amevitafuta, lakini alikuwa amevichukua. Alizifuta faili hizo, na tangu siku hiyo huanza kila ukaguzi kwa kuiagiza programu itupe kila kitu isipokuwa bikoni. Mwezi Mei 2010 kampuni ya Google ilikiri kwamba magari yake ya kupiga picha za mitaa yalikuwa yamekusanya maudhui ya namna hiyo kutoka mitandao iliyo wazi katika nchi nyingi, na nchini Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayahesabu mawasiliano ya mtu kuwa kitu kisichoruhusiwa kunaswa bila haki. Tangazo linaelekezwa kwa wote. Barua iliyomo ndani ya bahasha haielekezwi kwa wote, hata kama bahasha haikugundishwa.

Katibu muhtasi alirudishiwa fedha zake kwa risiti aliyokuwa ameitunza, na kituo rasmi kikafungwa darini mwa ukumbi, mita 4 kutoka mlangoni kwake. Ramani ya chuo iligawanywa katika miraba ya mita 10 kwa mita 10, ikatembelewa yote kwa miguu, na safari hii hazikutafutwa namba kubwa, bali miraba isiyo na namba. Miraba 11 ilibaki mitupu, na 8 kati yake ilikuwa ndani ya mabweni ya wanafunzi, ambako hakuna aliyekuwa amewahi kuandika barua.